Kuipeleka sauti ya kivinjari peke yake kwenye mikisa ya kompyuta

Binti wa Wete:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila wiki tunarikodi mazungumzo na wazee waliofanya kazi ya karafuu hapa Pemba, na kwa kuwa baadhi yao siku hizi wanaishi Muskat, tunazungumza nao kwa mkutano wa mtandaoni ndani ya Chrome. Kompyuta ni ya Windows 10, na mikisa niliyoiweka, yaani programu ya kuchanganyia sauti, ni Voicemeeter Banana. Ninachokitaka ni sauti ya kivinjari iwe na chaneli yake ndani ya mikisa, mbali na sauti nyengine zote za kompyuta, ili niweze kuipandisha au kuishusha bila ya kugusa maikrofoni yangu.

Nilichofanya ni kuichagua Voicemeeter Input kuwa spika kuu ya Windows. Sauti ya mgeni imeingia, lakini kila kitu kimeingia pamoja nayo. Juzi mzee alikuwa anaeleza namna walivyokuwa wakianika karafuu majamvini na kukimbilia kuzianua mvua inapotanda, na papo hapo ukalia mlio wa ujumbe wa kompyuta, na sasa umo ndani ya rikodi. Baya zaidi ni kwamba mgeni anajisikia mwenyewe kwa kuchelewa kidogo. Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani huyo ananiigiza huko?" Tulicheka sote, lakini rikodi haikufaa kitu. Naomba msaada.

Fundi wa Mlandege:

Wa alaykum salaam dada yangu. Una matatizo mawili yaliyovaa kanzu moja, na ukiyatenganisha yote mawili ni mepesi.

La kwanza ni la Windows, si la mikisa. Spika kuu ndiko kila programu isiyopewa maelekezo mengine inakopeleka sauti yake, kwa hiyo milio ya ujumbe na kivinjari vimeingia mlango mmoja. Banana ina milango miwili ya kubuni ya kuingilia, iliyomo ndani ya programu tu: Voicemeeter Input na Voicemeeter AUX Input. Iache ile ya kwanza kwa ajili ya Windows nzima, na AUX mpe Chrome peke yake. Tangu toleo la mwaka 2018 lenye nambari 1803, Windows 10 inaruhusu kila programu ichaguliwe spika yake: fungua mipangilio ya sauti, shuka chini hadi kwenye mapendeleo ya sauti na vifaa vya kila programu, na mbele ya jina la Chrome chagua AUX kuwa njia ya kutolea sauti. Lakini kwanza ifanye Chrome itoe sauti yoyote, hata kisomo kifupi, kwa sababu programu iliyo kimya mara nyingi haionekani katika orodha hiyo, na watu wengi huishia hapo wakidhani kompyuta yao ina kasoro.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ulinipotezea mchana mzima. Ukurasa wa mkutano nao una sehemu yake ya kuchagua spika. Ukichagua humo hedifoni zako kwa jina, ukurasa utazipelekea sauti moja kwa moja na kuyaruka maelekezo uliyoipa Windows. Humo iache spika ya kawaida ya mfumo.

Tatizo la pili ndilo lililomshangaza mzee wako. Chini ya kila chaneli kuna vitufe vya A1, A2, A3, B1 na B2. Vya A vinapeleka sauti kwenye vifaa vya kushikika, na kwako A1 ni hedifoni. Vya B vinapeleka sauti kwenye maikrofoni za kubuni, ambazo programu nyengine huziona kana kwamba ni maikrofoni za kweli. Bila shaka mkutano wako unasikiliza B1, na chaneli inayobeba sauti ya mgeni nayo imewashwa B1, kwa hiyo maneno yake yanaingia kwako, yanapita kwenye mikisa na kumrudia yeye mwenyewe. Mafundi wa redio wana kanuni ya zamani kwa simu za wasikilizaji: mpe mgeni kila kitu isipokuwa sauti yake.

Kwa hiyo, kwenye chaneli ya maikrofoni yako washa B1 na B2. Kwenye AUX, yaani Chrome, washa A1 na B2, na B1 uizime kabisa. Kwenye chaneli ya Windows washa A1 tu, ili milio uisikie wewe na isiingie popote. Katika ukurasa wa mkutano chagua B1 kuwa maikrofoni, na katika programu ya kurikodia chagua B2. Usishangae kukuta B2 inaitwa AUX Output katika matoleo ya zamani. Ni kitu kile kile.

Mkaazi wa Chake:

Nakubaliana na Fundi, ila nionavyo mimi, mtu anayetaka kurikodi tu hahitaji mikisa yote hii. OBS Studio, programu ya kurikodia na kurusha matangazo, kuanzia toleo la 28, la mwaka 2022, inaweza kunasa sauti ya programu moja peke yake, mradi Windows 10 iwe imesasishwa.

Fundi wa Mlandege:

Ni kweli, bwana, na kwa kazi ndogo ningeshauri hivyo hivyo. Lakini dada anataka kuzishika sauti mkononi wakati mazungumzo yanaendelea, na siku moja atataka kumsikilizisha mgeni rikodi ya zamani, na hapo OBS peke yake haitamfikisha.

Binti wa Wete:

Mungu akulipe kheri, Fundi. Mtego wa ukurasa wa mkutano nami ulinishika, kwani katika kujaribu nilizichagua hedifoni humo na kusahau. Sasa mgeni hajisikii tena, na milio ya ujumbe haiingii. Yamebakia mawili. Sauti ya mgeni inakwaruza kila baada ya sekunde chache, kama redio iliyoko mbali na stesheni. Na umenisoma moyo: nilimpigia mzee kipande cha wimbo wa taarabu kutoka kichupo chengine cha Chrome, mimi nilikisikia vizuri, yeye hakusikia kitu.

Fundi wa Mlandege:

Kukwaruza mara nyingi ni mgongano wa kasi za sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kifaa kinaipima sauti. Kifaa kimoja kimewekwa hezi 44100 na chengine 48000, na mikisa inalazimika kubadilisha moja kuwa nyengine bila ya kupumzika. Ingia katika sifa za hedifoni, za maikrofoni na za milango ya Voicemeeter, na zote uziweke 48000. Pia, unapochagua hedifoni pale A1, orodha itakuonyesha jina hilo hilo zaidi ya mara moja. Chukua lile lililotanguliwa na WDM, si MME; hizo ni njia mbili ambazo Windows huzitumia kuwasiliana na kifaa cha sauti. Ukimaliza, fungua menyu ya mikisa na uiwashe upya injini yake ya sauti.

Ama kuhusu wimbo, Windows haitenganishi vichupo. Chrome yote ni programu moja, na kila kichupo kinapita AUX, ambako B1 tumeizima kwa makusudi. Tumia kivinjari cha pili. Mkutano uwe Chrome, na nyimbo uzifungue kwa Firefox, ambayo itabaki kwenye chaneli ya Windows. Wakati wa kupiga wimbo washa B1 na B2 za chaneli hiyo, na ukimalizika zizime mara moja, la sivyo milio yako itarudi rikodini.

Kijana wa Mkoani:

Naongeza moja kwa dada. Kama mgeni atausikia wimbo ukikatika katika, udi na fidla vikizama na kuibuka, usiilaumu mikisa. Mikutano ya mtandaoni ina kichujio cha kelele kinachobakisha maneno ya mtu, na ala za muziki kinazihesabu kuwa kelele. Kizime katika mipangilio ya mkutano wakati wa wimbo. Mimi nilibadilisha nyaya mbili kabla ya kulijua hilo.

Binti wa Wete:

Zote zilikuwa 44100 isipokuwa maikrofoni. Jana tumerikodi dakika 40 bila ya mkwaruzo hata mmoja, na kwa kuwa kichujio tulikizima, mzee aliusikia wimbo wote, kisha akaniomba nilizime lile pangaboi linalokwaruza juu ya kichwa changu.