Mkanda wa kunolea wembe umekakamaa na kuota ukungu, unaokoleka?

mzawa_wa_Tanga: Habari zenu wakuu. Nimeuziwa wembe wa zamani, ule wa kukunja, pamoja na mkanda wake, na mzee aliyefunga saluni. Wembe uko safi. Mkanda ndio kimbembe: upande wa ngozi umekauka kama ubao, una ukungu mweupe, na ukingoni pana mkato mdogo. Upande wa pili ni turubai. Niupake mafuta ya nazi au niutupe?

fundi_ngozi: Usitupe, na mafuta ya nazi yaache jikoni. Ngozi ikilowa mafuta inalegea, na mkanda uliolegea unayapinda makali badala ya kuyanyoosha.

Anza na ukungu. Ufutie nje kwa kitambaa kikavu, halafu kingine chenye siki na maji nusu kwa nusu, kimekamuliwa haswa. Uning'inize kivulini penye upepo. Juani utajikunja, usahau.

Ukikauka, koroga povu zito la sabuni ya kunyolea, lipake jembamba, usugue kwa kiganja mpaka liingie. Acha hadi kesho, kisha sugua tena kwa kiganja kitupu mpaka ngozi ipate joto. Rudia kila siku. Utaona rangi inaanza kukolea na wembe unavutwa kidogo ukipita. Huo mvuto ndio tunaoutafuta.

Mama Shughuli: Sabuni sawa, ila kama umekuwa ubao kweli, povu peke yake halitoshi. Matone mawili matatu ya mafuta ya kwato za ng'ombe, kwenye kiganja, siyo kumwaga juu ya ngozi. Na dawa ya viatu usiguse! Nta yake inaziba ngozi, wembe unabaki kuteleza tu.

fundi_ngozi: Hapo nakubali, mradi yawe matone kweli.

mzawa_wa_Tanga: Shukrani. Na ule mkato? Halafu nina dawa ya kijani ya kunolea, niipake wapi?

fundi_ngozi: Pitisha kidole. Kama mdomo wa mkato umeinuka, utang'ata makali. Funga msasa wa 600 kwenye kipande cha mbao bapa, usugue hapo tu mpaka kidole kisikwame. Kama umelala, achana nao.

Dawa ya kijani ni oksidi ya kromiamu, inakwangua chuma. Ipake kwenye turubai, kidogo. Ngozi ibaki tupu.

kinyozi_mstaafu: Mkato wa ukingoni kwa kawaida ni wa mtu aliyegeuza wembe kwa makali. Mgongo utangulie, makali yafuate, na ukifika mwisho uuzungushe juu ya mgongo bila kuuinua. Vuta mkanda ukazike, ila usiukandamize wembe. Mipito 40 hadi 60 kabla ya kunyoa. Ukifanya hivyo na bado unakwaruza shavu, usiulaumu mkanda, wembe unataka kinoo.