Nimechoka na kauli ya "asiye na dini hana maadili"

Wakuu, kabla hamjaniita kafiri: mimi ni Mkatoliki, nasali, watoto wangu wote wamebatizwa. Wanaonikera ni waumini wenzangu.

Kikoba chetu kilikuwa kinachagua mhazini. Jina lililopendekezwa ni la fundi umeme mmoja tuliyeanza naye, mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku. Hajawahi kuchelewesha rejesho. Mwaka juzi tunavunja kikoba, pesa mezani zilizidi zilizoandikwa kwenye daftari. Watu wakataka tugawane tu twende nyumbani. Yeye akagoma, akapitia daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka akampata mama muuza mboga ambaye hisa zake zilisahaulika kuandikwa. Akalipwa chake chote.

Sasa huyu jamaa hasali popote, na hafichi. Akasimama mtu akauliza: "Hana hofu ya Mungu, kitamzuia nini kutuibia?" Kura zikayeyuka. Nilipobisha nikajibiwa kwamba bila Mungu hakuna jema wala baya, kila mtu anajitungia lake. Na waliokuwa wanaitikia ni watu wanaolijua lile daftari!

Nani aliwafundisha hayo? Someni Warumi 2:14-15. Paulo anasema watu wa mataifa wasio na sheria hutenda kwa asili yaliyo ya sheria, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa letu, alifundisha katika karne ya 13 kwamba misingi ya wema na ubaya inajulikana kwa akili ya mwanadamu. Ndugu zetu Waislamu nao wana mjadala huu tangu enzi za Mu'tazila, kundi la wanazuoni wa kale waliosema akili inaweza kujua jema na baya hata kabla ya ufunuo. Wanazuoni wa kundi la Ash'ari wakawapinga vikali, wa kundi la Maturidi wakakaa karibu na katikati. Wanazuoni wameumiza vichwa zaidi ya miaka 1,000, halafu mtu anakuja kulimaliza kwenye kikao cha kikoba kwa sentensi moja ya kumdhalilisha mwenzake!

Na swali lenyewe ni la zamani kuliko Ukristo. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimwandika mwalimu wake Sokrates akimbana kwa maswali mtu aitwaye Euthyphro: jambo ni jema kwa sababu miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa sababu ni jema? Ukichagua la kwanza, basi amri ikibadilika na ubaya unageuka wema. Siku Mungu akiamuru kutesa mtoto, kutesa mtoto kutakuwa kuzuri. Mnaosema "Mungu hawezi kuamuru hivyo kwa sababu yeye ni mwema", mmeshakubali kwamba wema una maana yake tayari, si kila kinachoamriwa tu.

Mnadhani haya ni ya vitabuni? Aprili 2023 walianza kufukua makaburi msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya. Miili ilipita 400, watoto wakiwemo, wengi wakiwa na dalili za kufa njaa. Kesi ziko mahakamani, sitaziingilia. Lakini watu waliingia msituni wakiamini wanafunga ili wakutane na Yesu. Hofu ya Mungu walikuwa nayo tele. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea kwenye jengo la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Mtu akikwambia "Mungu ameniagiza nisimlishe mwanangu", utamkatalia kwa kipimo gani? Utasema Mungu wa kweli hasemi hivyo. Umejuaje? Umejua kwa sababu unamwona mtoto anakauka na dhamiri inakupigia kelele. Dhamiri hiyohiyo anayo fundi wetu.

Najua mtaniletea Stalin wa Urusi ya Kisovieti na Pol Pot wa Kambodia. Leteni, siwatetei. Waliua mamilioni bila kuamini Mungu, na hilo linaonyesha kwamba kutoamini hakumfanyi mtu kuwa mwema. Sijasema kunamfanya. Nasema uovu wao unaonekana kwa kila mwenye akili, awe anasali au hasali, kwa sababu walioteswa ni watu.

Mtauliza pia sheria itatoka wapi bila mtoa sheria. Hilo ni swali zito na ninaliheshimu. Mimi mwenyewe naamini asili ya vyote ni Mungu. Ila saba na tano ni kumi na mbili kwa mwamini na kwa asiyeamini, na hatumkatazi mtu kuhesabu mpaka atuambie namba zilitoka wapi. Kwa nini kwenye uadilifu tunamkatalia?

Anayetaka kuniombea aniombee, nashukuru. Lakini anijibu kwanza lile la Shakahola: kwa kipimo gani?