Wanyanyua vyuma wa Unguja na Pemba: kreatini na figo, tupeane uzoefu

Mtu wa Michenzani (mwenye uzi)
Assalaam alaykum. Jimu nasikia maneno mawili tu. Vijana wanasema kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu za misuli, haina neno, koroga kijiko kwenye maji unywe. Nyumbani wazee wanasema unga ule unaua figo, fulani wa mtaa wa pili sasa anasafishwa damu. Huyo fulani kila mtu anamjua na hakuna aliyewahi kumuona. Basi wenye kutumia wenyewe waje waseme: kiasi gani, umepima au hukupima, majibu yalikujaje. Wauza makopo wapite kimya tafadhali.

Naanza mie. Gramu 5 kwa siku, ile aina ya kawaida inayoandikwa monohaidreti, isiyochanganywa na kitu. Ile ya kupakia gramu 20 kwa siku wiki ya mwanzo niliiacha. Kwa dozi ndogo misuli hujaa vilevile, ila huchukua kama mwezi. Uzito ulipanda mapema, na hayo ni maji yanayovutwa ndani ya misuli, nyama bado. Damu nilipima kabla na baada. Kreatinini, yaani taka ya kreatini inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, ilisogea juu kidogo, haikutoka nje ya kawaida. Tumbo huniuma nikiinywa bila kula. Yangu ndiyo hayo.

Mchake
Yangu marefu kidogo, nivumilieni. Nilitakiwa kupeleka cheti cha afya kwa ajili ya masomo. Nikapima, kreatinini ikaja 131, na karatasi yao mwisho wa kawaida umeandikwa 110. Aliyenipokea akaniambia figo zimeanza kuchoka, akaniandikia niende Unguja. Mama hakulala usiku ule. Shangazi keshaanza kuulizia nani ndani ya ukoo ana figo zinazolingana na zangu!

Nikapanda boti Mkoani. Kule nikakutana na daktari mtu mzima, hakuitazama karatasi kwanza, alinitazama mabega. "Mwanangu, unanyanyua vyuma?" Ndiyo. "Unakunywa unga?" Ndiyo. "Siku moja kabla ya kupima ulikula nini?" Mishkaki, tena mingi, na nilitoka jimu. Akacheka mpaka akavua miwani.

Alinieleza hivi. Kreatini mwili unaitengeneza wenyewe, kwenye ini na figo, kama gramu 1 kwa siku. Nyingine tunaila kwenye nyama na samaki. Karibu yote inakaa kwenye misuli. Kila siku sehemu ndogo, kiasi cha asilimia 2, inavunjika ikawa kreatinini, na figo huitoa kwa mkojo. Figo zikidhoofu, kreatinini inarundikana kwenye damu, ndiyo maana wanaipima. Lakini mwenye misuli mikubwa, aliyekula nyama jana, au anayekunywa kreatini, huyo anaizalisha zaidi tangu mwanzo. Namba inapanda na figo ziko salama. Na ile kasi ya figo kuchuja damu inayoandikwa chini ya karatasi inapigwa hesabu kutokana na namba hiyohiyo, kwa hiyo nayo inashuka.

Akanipima presha, akapima mkojo kuona kama protini inapita, nikapigwa na altrasaundi. Vyote safi. Akaniambia niache unga wiki kadhaa, kisha nirudie kipimo bila nyama wala vyuma siku ya kabla. Ikaja 97. Akasema ingebaki juu angeniagizia kipimo kingine cha figo, cha sistatini C, ambacho hakiyumbishwi na nyama wala unga. Haikufika huko. Cheti nikapata, na kreatini nimerudia, mama hajui.

Mvuvi wa Nungwi
Yakhe, sisi samaki tunakula asubuhi na jioni, kopo la nini? Na supu ya pweza je?

Mtu wa Michenzani
Samaki kweli anayo, kilo moja mbichi ina kama gramu 4 au 5, na jikoni nyingine inapotea. Kilo nzima kila siku utaiweza wewe unayevua, mie nanunua Darajani. Pweza ndiye asiyekuwa nayo: wanyama wengi wasio na uti wa mgongo misuli yao hutumia kitu kingine, arginini fosfeti. Wauza supu wa Forodhani wanisamehe.

Bi Muuguzi
Watoto wangu, nimekaa wodini mpaka nimestaafu. Wagonjwa wa figo niliowahudumia wengi walikuwa na presha au sukari iliyoachwa bila dawa. Wengine walimeza diklofenaki kama peremende, mgongo ukiuma kidonge, goti likiuma kidonge. Kopo la kreatini sikuwahi kuliona kuwa ndiyo sababu.

Ila msilichukulie kuwa ni maji ya zamzam. Hofu hii ilipata nguvu mwaka 1998, jarida la Lancet la Uingereza lilipoandika habari za kijana wa miaka 25 aliyekuwa na ugonjwa wa figo tangu zamani. Alipotumia kreatini kazi ya figo ikashuka, alipoacha ikarudi. Wengi waliosimulia baadaye waliruka neno "tangu zamani". Kwa wenye afya, mwaka 2017 jumuiya ya kimataifa ya lishe ya michezo ilipitia tafiti ikasema hata gramu 30 kwa siku kwa miaka 5 hazikuonyesha madhara. Mwenye figo mbovu hayumo kwenye maneno hayo. Na huku kwetu wangapi wana presha na hawajui?

Ukhti wa Fumba
Mie ni mmoja wa hao wangapi. Nilitaka kuanza, nikapima kwanza kwa sababu mama ana presha. Na yangu iko juu, na mkojo una protini. Daktari akakataa, nami nikaridhika. Jimu naendelea na mayai yangu.

Kijana wa Mwanakwerekwe
Kwenye mfungo nakunywa baada ya futari, na maji mpaka daku. Sijaona tatizo. Tatizo langu ni makopo: jirani yangu alinunua lenye karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi, tarehe imefutwa, muhuri wa ndani umechanika. Kile kilichomo ndani nani anakijua? Mie naliogopa hilo kuliko kreatini yenyewe. Wengine wanachanganya humo dawa za kutunisha misuli na hawaandiki.

Wete Boy
Mie goti linanisumbua, nnameza diklofenaki kila baada ya mazoezi, na kreatini natumia. Ndo nasoma hapa naanza kutokwa jasho.

Bi Muuguzi
Diklofenaki kila siku? Nani kakuandikia?

Wete Boy
Duka la dawa tu bibi.

Bi Muuguzi
Haya, viache vyote viwili, na goti lipumzishe. Asubuhi nenda ukapime damu, mkojo na presha, na kopo uende nalo mkononi daktari alione. Usimfiche kitu kama yule wa Chake anavyomficha mama yake.

Mchake
Bi Muuguzi jamani!

Wete Boy
Inshaallah bibi. Majibu yakitoka ntayaweka hapahapa.