Mrejesho: Babu na picha zake za zamani

Wakuu, niliomba ushauri wa kumwonyesha babu (81, yuko Kirumba, Mwanza, anasahausahau) picha zake za ujana kidijitali.

Tableti imegoma. Kidole kikigusa tu, picha inaruka, akanirudishia: "Chukua kisimu chako."

Uliyesema flashi kwenye TV, ubarikiwe. Nilipiga picha albamu yote kwa simu, nikaihamishia humo. Ilipotokea picha ya MV Victoria, meli ya Mwanza–Bukoba, iko gatini, mzee alisimama, akawataja mabaharia wenzake mmoja mmoja, hadi yule aliyemkopa sigara na hajalipa mpaka leo.

Kumrekodi nimeshindwa, akiona simu ananyamaza. Lakini kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, anauliza: "Leo hatuendi Bukoba?"

Asanteni sana.