Sakafu ya mianzi au mbao ngumu: ipi inadumu zaidi ndani ya nyumba?

Mjenzi_Mpya
Wakuu, habari zenu. Namalizia nyumba, imebaki sakafu ya sebule na vyumba vya kulala. Nimeona ya mianzi na ya mbao za mwaloni, zote zimenipendeza. Muuzaji anasema mianzi ni migumu kuliko mwaloni na nitazeeka nayo. Jirani yangu anasema yale ni majani tu, yatachakaa mapema. Fundi anataka jibu wiki hii. Mwenye uzoefu anisaidie.

Seremala_Mkongwe
Mkuu, hujatupa pa kuanzia. Mianzi ya aina gani? Chini kuna zege au mbao? Zege lilimwagwa lini? Una watoto, una mbwa?

Nauliza aina kwa sababu dukani jina ni moja, vitu ni vitatu. Kuna ya vipande vilivyolazwa bapa, pingili zinaonekana kabisa. Kuna ya vipande vilivyosimamishwa kwa ubavu, hiyo ina mistari myembamba. Halafu kuna ya nyuzi: mianzi inapondwa mpaka inakuwa nyuzinyuzi, inachanganywa na gundi, kisha inashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Mbili za kwanza zinakaribiana na mwaloni kwa ugumu. Ya nyuzi inauzidi mara mbili na zaidi. Muuzaji alikuwa anasifia ipi?

Nuru_Sebuleni
Weka vigae umalize. Mimi mbao na mianzi vyote sitaki tena kuvisikia. Kigae ukimwagia maji unafuta, basi.

Mjenzi_Mpya
Asanteni. Aina sijui, ila ina rangi ya kahawia iliyoiva. Watoto wapo, na mbwa mkubwa anaingia ndani.

Seremala_Mkongwe
Hiyo kahawia ndiyo ya kuulizia. Mara nyingi si rangi ya kupaka. Mianzi imepikwa kwa mvuke mpaka sukari iliyomo ikabadilika rangi, na kadiri inavyopikwa ndivyo inavyolainika. Kipimo cha Janka kinasukuma gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 mpaka nusu yake izame kwenye ubao, kisha kinasoma nguvu iliyotumika. Mwaloni mwekundu unasoma pauni 1,290. Mianzi ya vipande yenye rangi yake ya asili inaupita kidogo, iliyopikwa inashuka chini yake. Ya nyuzi inaweza kufika 3,000 na kupita. Kwa hiyo muuzaji na jirani yako wanaweza wote kuwa wamesema kweli, kila mmoja kwa aina yake.

Mama_Wawili
Ngoja niseme yaliyonikuta, maana huu ugumu ndio ulionivutia mimi. Nilichukua ile ya nyuzi. Msumari ulikuwa unapinda juu yake, nikasema hapa nimepata sakafu ya maisha. Maboksi yalishushwa asubuhi, jioni fundi alikuwa ameshalaza chumba kizima. Zege lilikuwa jipya na hakuna aliyelipima. Akabana mbao hadi ukutani pande zote, anasema ndivyo inavyopendeza.

Miezi ya kwanza ilikuwa nzuri sana, wageni walikuwa wanavua viatu bila kuambiwa. Mvua zilipoanza, kingo za mbao zikaanza kuinuka, ukipitisha kiganja unazihisi. Baadaye katikati ya sebule pakavimba, ukikanyaga panadidimia kisha panarudi juu. Mlango wa chumbani ukawa unakwaruza, tukaukata chini. Nikawapigia waliouza, wakauliza nina maandishi ya vipimo vya unyevu vya siku ya kulaza. Sina. Wakasema dhamana haifiki huko. Tulibandua yote. Mbao zenyewe hazikuwa na hata mkwaruzo mmoja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Usidanganyike na ugumu, dada au kaka yangu. Maji hayaulizi ugumu.

Nuru_Sebuleni
Ndiyo maana nikasema vigae.

Fundi_Rula
Pole sana Mama_Wawili. Lakini hapo mianzi inasingiziwa. Mwaloni uliolazwa vile ungevimba vilevile.

@Mjenzi_Mpya, kabla hujachagua chochote shughulikia zege. Mafundi wengi wanahesabu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo zege la milimita 100 linataka miezi minne, na hewa ikiwa na unyevu mwingi inazidi hapo. Bandika kipande cha nailoni juu yake, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, kiache siku nzima au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, usilaze. Usipoona kitu, bado tafuta mwenye kipimo cha unyevu, maana nailoni haioni maji yaliyo chini kabisa.

Kisha fungua maboksi ndani ya chumba chenyewe, mbao zizoee hewa. Saa 72 ndiyo kawaida, ila ya nyuzi imeshindiliwa sana na inazoea polepole, ipe muda zaidi. Acha mwanya wa milimita 10 au 12 kila ukuta, ubao wa pembeni utaufunika.

Shina_la_Kijani
Jirani yuko sahihi kwa jambo moja, mianzi ni jamii ya nyasi. Ila hilo si kasoro. Moso, ule wa China unaotengenezewa sakafu nyingi, unakomaa kwa miaka mitano au sita na kuchipua tena kutoka mzizi uleule. Mwaloni unangoja miongo. Kwangu hilo linamaliza mjadala.

Seremala_Mkongwe
Halimalizi. Ukikatwa kabla ya kukomaa unatoa ubao laini, na kwa macho huwezi kutofautisha. Na gundi je? Ya nyuzi ina gundi nyingi, nyingine zina fomaldehidi, kemikali inayotoa hewa mbaya kwa afya. Asinunue isiyoandikwa E1 au CARB awamu ya 2, yaani viwango vinavyobana hewa hiyo, hasa kwa vyumba vya watoto.

Shina_la_Kijani
Mbao za tabaka, zile zenye mwaloni juu tu uliogandishwa kwenye mbao nyingine, nazo zina gundi, mkuu. Tupime zote kwa kipimo kimoja.

Kucha_na_Manyoya
Mnamsahau mbwa. Nina wawili, na sakafu ya mianzi ya nyuzi. Mbonyeo sina, mikwaruzo ninayo. Kucha zinachora vanishi kabla hazijafika kwenye ubao. Uliza tabaka la juu lina nini. Lenye oksidi ya alumini linavumilia zaidi. Na usideki kwa dekio la mvuke, kitambaa kilichokamuliwa vizuri kinatosha.

Seremala_Mkongwe
Na siku vanishi ikiisha? Mwaloni mzima wa milimita 18 au 20 unapiga msasa mara kadhaa na unakuwa mpya. Mbao nyingi za tabaka zina tabaka la juu jembamba, msasa mmoja na umelimaliza. Mimi huko ndiko ninakopima kudumu.

Kucha_na_Manyoya
Ipo mianzi ya nyuzi iliyo ngumu unene wote, nayo inapigwa msasa.

Fundi_Rula
Inapigwa, ila inakula msasa na ina jasho. Mafundi wengi wanaikimbia kazi hiyo.

Mjenzi_Mpya
Nimerudi. Muuzaji amethibitisha ni ya vipande vya kulala, imepikwa. Ya nyuzi anaweza kuagiza. Zege ni la mwezi uliopita. Fundi anasema limekauka, amelishika kwa mkono.

Fundi_Rula
Mkono unashika juu tu. Bandika nailoni leo. Na zege lina unene gani?

Mama_Wawili
Msimamishe huyo fundi kabla hajafungua boksi.

Nuru_Sebuleni
Kigae zege hilo hilo lingekipokea mapema.

Fundi_Rula
Nacho kinapasuka zege likisinyaa chini yake. @Mjenzi_Mpya, unene?

Ngazi_Tatu
Samahani kuingilia, kuna aliyeweka ya nyuzi kwenye ngazi? Kingo za mbele mlizimaliziaje?