Siku mbili Moshi bila kupanda mlima

Msafiri kutoka Tanga: Ndugu zangu, natarajia kukaa Moshi siku mbili mwezi Februari, na kwa kuwa sina nia wala magoti ya kupanda Kilimanjaro, naomba mnieleze ni mambo gani ya historia ninayoweza kuyaona.

Mwenyeji: Karibu sana. Mjini litazame jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, kisha uone stesheni, kwani reli iliyoanzia huko kwenu Tanga ilifika hapa mwaka 1911. Hata hivyo, siku yako bora itakuwa Old Moshi, kwenye miteremko ya mlima juu ya mji, ambako Mangi Meli, yaani mtawala wa Wachagga wa huko, aliyewashinda Wajerumani mwaka 1892 kabla hawajarudi na nguvu kubwa zaidi mwaka uliofuata, alinyongwa pamoja na wenzake tarehe 2 Machi 1900. Familia yake imekitafuta kwa miaka mingi kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani.

Mwalimu mstaafu: Naafiki. Huko juu usiache kutembea kwenye vihamba, yaani mashamba ya Wachagga yanayozunguka nyumba zao, ambamo kahawa hustawi chini ya kivuli cha migomba, na umwombe mwenyeji akuonyeshe mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Mlima wenyewe utazame alfajiri, maana mara nyingi mawingu huufunika mapema.

Msafiri kutoka Tanga: Nashukuru, wakuu. Basi nitaanzia Old Moshi, mjini nitashuka siku ya pili.