Ukoo wa Bibi Somoe, Mtwara: kadi ya Saidi

*Jumamosi*

Mama Zuhura: Asalaam alaykum wana ukoo. Saidi kakamatwa alfajiri. Kampiga Mzee wa duka la pembeni kwa mpini wa jembe, kichwa kimepasuka. Kashonwa nyuzi saba.

Bakari (Dar): Ya Rabi. Mzee hali yake ikoje?

Mama Zuhura: Anaongea alhamdulillah. Polisi walimpa PF3, ile fomu ya kwenda kutibiwa, katibiwa, karudi kwake. Mkewe hataki kutuona.

Mjomba Salumu: Mwacheni Saidi alale huko ndani. Wiki iliyopita dirisha langu, leo kichwa cha mtu. Akikaa siku mbili tatu atashika adabu.

Rehema: Shikamoo mjomba. Adabu anayo, dawa ndiyo hana. Natoka kituoni sasa hivi. Kajikunyata kwenye kona, anabishana na ukuta. Anasema Mzee alikuwa anamtukana kupitia redio ya dukani. Nimempa chapati, akaipasua vipande vidogo vidogo akavipanga sakafuni, hakula hata kimoja. Leo ni siku gani hajui.

Shangazi Fatuma: Hilo ni jini, mimi nilisema tangu zamani. Apelekwe kwa fundi wa majini Mikindani. Mwaka juzi si alitulia?

Rehema: Shikamoo shangazi. Mwaka juzi alitulia kwa sababu ndipo alipoanza sindano ya kila mwezi. Dua tusome, hata usiku huu. Sindano nayo achomwe. Kadi yake ya kliniki anayo nani?

Mama Zuhura: Bibi anasema anayo yeye, kwenye kasha, chini ya kanga za msiba. Naipiga picha.

Mama Zuhura: 📷

Rehema: Asante mama. Kona imeliwa na mende ila inasomeka. Mihuri ipo mwezi kwa mwezi mpaka Septemba. Oktoba hamna. Novemba hamna.

Bakari (Dar): Ilikuwaje?

Mjomba Salumu: Nilikuwa naye Nanyamba, tunaokota korosho.

Mjomba Salumu: Alikuwa mzima kabisa, anaokota kuliko vijana wote. Tarehe ya kliniki aliniambia mwenyewe. Nikamwambia subiri tumalize kazi. Niliona nauli ya kwenda na kurudi mjini ni hasara.

Mama Zuhura: Kaka jamani.

Mjomba Salumu: Ndivyo ilivyokuwa.

Rehema: Mjomba, haya uliyoyaandika ndiyo hakimu anatakiwa kuyasikia Jumatatu, kwa kinywa chako. Njoo.

*Jumapili*

Bakari (Dar): Nimewaza usiku kucha. Jumatatu akisomewa shtaka akubali tu, apigwe faini, tuchange, yaishe.

Rehema: Hapana kaka, tena hapana kubwa. Nimekaa na wasaidizi wa kisheria miaka minne na jambo hili limeniumiza mara nyingi. Mgonjwa anasimama kizimbani peke yake, anaulizwa ni kweli au si kweli, anasema "ni kweli" ili tu aachwe akalale. Neno hilo linaandikwa. Anahukumiwa kama mtu mwenye akili zake, anakwenda jela, anatoka kaharibika zaidi.

Rehema: Kanuni ya Adhabu inamchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ionyeshwe vinginevyo. Tukikaa kimya hakimu ataona kijana mkaidi asiyejibu maswali.

Shangazi Fatuma: Sasa tukisema ni mwehu si ndiyo anaachiwa tu? Mke wa Mzee atatuelewaje?

Rehema: Haachiwi tu shangazi. Kuna maswali mawili. La kwanza, je, hivi sasa anaweza kuifuata kesi yake, akaelewa anachoulizwa? La pili, je, saa ile anampiga Mzee alikuwa anajua anachofanya? Hakimu akiona kuna jambo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu kuamuru apelekwe hospitali ya akili akachunguzwe. Daktari anatakiwa kuleta ripoti ndani ya siku 42 tangu awekwe hospitali. Hata ikionekana alifanya kitendo akiwa mgonjwa, bado anaweza kuwekwa hospitali mpaka iamuliwe vingine. Ila ni hospitali, kuna daktari na dawa.

Bakari (Dar): Hospitali ipi, Ligula?

Rehema: Kliniki yake ni Ligula. Uchunguzi wa watu wenye kesi hufanyika Isanga, Dodoma, chini ya hospitali ya akili ya Mirembe.

Mama Zuhura: Dodoma! Mpaka upite Dar. Nani atamwona huko?

Rehema: Ndiyo mama. Na siku hizo 42 haziingizi siku atakazokaa mahabusu akisubiri usafiri. Hapo ndipo wagonjwa wengi husahaulika, kwa sababu hakuna ndugu anayeuliza. Sisi tutauliza kila wiki.

Bakari (Dar): Na wakili?

Rehema: Kesho asubuhi nitaomba. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bure. Leo naomba vitu viwili. Mama, toa nakala tatu za kadi, mbele na nyuma. Na wawili watu wazima waende kwa Mzee. Msiende kumwomba afute kesi. Nendeni mumpe pole, mlipie dawa zake, mmweleze Saidi anaumwa nini. Aliyepasuliwa kichwa ni yeye.

Shangazi Fatuma: Nitakwenda mimi na Mama Zuhura baada ya magharibi.

Shangazi Fatuma: Tumerudi. Mkewe alitufungulia. Mzee kasema Saidi alikuwa anambebea maji kila asubuhi bila kudai senti, siku zile alipokuwa anachomwa sindano. Kalia. Tumelia wote.

*Jumatatu*

Mjomba Salumu: Nimepanda gari la kwanza kutoka Nanyamba. Nitakuwa mahakamani saa mbili.

Bakari (Dar): Imekuwaje huko? Nipo kazini, siwezi kupiga.

Rehema: Kasomewa shambulio la kudhuru mwili. Akaulizwa ni kweli au si kweli. Akajibu, "Iulizeni redio." Nyuma wakacheka. Bibi akasimama na kadi mkononi, hakusubiri kuitwa. Karani akataka kumkalisha, hakimu akasema mwacheni. Akauliza ndugu mwingine nani, mjomba akasimama akasema yote, mpaka ile habari ya nauli. Hakimu aliandika muda mrefu sana. Mwendesha mashtaka naye akaiomba kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akasema hana pingamizi.

Rehema: Ameamuru akachunguzwe Isanga. Kwa sasa yuko gerezani anasubiri safari. Nakala moja ya kadi iko kwenye jalada, nyingine nimemkabidhi mganga wa zahanati ya gereza. Kaandika jina la dawa na kipimo, kasema ataiomba kliniki asichelewe tena. Alhamisi naenda kuhakikisha.

Bakari (Dar): Bibi yuko wapi?

Mama Zuhura: Kairudisha kadi kwenye kasha. Anauliza Dodoma kuna baridi kiasi gani, anataka kumpelekea Saidi sweta.

Mjomba Salumu: Siku Saidi akifikishwa Dodoma mniambie, nitakwenda na Bibi. Korosho zimelipwa, nauli natoa mimi. Mkate tiketi ya siti za mbele, miguu yake huvimba.